Punje za Kwenda

Binamu yangu Alvhild alizaliwa katika nyumba nyeupe iliyo kilimani, juu kidogo ya nyumba yetu, akakulia humo, anazeekea humo, na ukipita asubuhi utamwona dirishani akimenya viazi. Watu wa kisiwani husema ni mtu aliyetulia. Wanasema hivyo kwa kumsifu. Mimi nikiwasikia huinuka nikaenda kuongeza kahawa, maana nikibaki nimekaa nitatoa maneno ambayo nyumba ya sala haijayazoea.

Mama yake, Serine, alikuwa dada wa baba yangu. Kwa hiyo alikuwa shangazi yangu, na kwa jina hilo ninampa heshima yake. Heshima nyingine sina ya kumpa. Nimejaribu.

Kwetu, huku magharibi mwa Norwei, siku hizo hapakuwa na nyumba ya walokole isiyo na kisanduku cha mana. Ni kisanduku cha mbao, hakizidi kiganja cha mkono. Ndani vimesimamishwa vikaratasi vilivyoviringishwa, vyembamba kama njiti za kiberiti, na kila kimoja kimeandikwa mstari wa Neno. Tunaviita punje. Asubuhi, baada ya kahawa ya kwanza, kila mtu anachota punje yake kwa kibano kidogo, anaifungua, anaisoma kwa sauti, kisha anaiviringisha na kuirudisha. Siku imeanza. Kisanduku chetu na cha kina Alvhild vilinunuliwa siku moja, kwa mchuuzi mmoja wa mambo ya dini aliyeshuka na sanduku lililolowa mvua. Baba na shangazi walivilinganisha mezani wakaona ni pacha, hata kifuniko cha kimoja kilifunga cha mwenzake.

Hiyo ilikuwa mana ya kila siku. Mtu akiwa na jambo zito, auze ng'ombe au asiuze, aoe au asioe, hakuchota hivi hivi. Aliomba hekima kwanza. Alijifungia chumbani, akapiga magoti, akamweleza Mungu shida yake bila kuficha kitu, na alipoinuka alichota punje moja tu, macho yamefumbwa. Alichopewa ndicho. Tulifundishwa tangu wadogo kwamba aliyepungukiwa na hekima aombe, na Mungu hatamnyima wala kumsimanga. Na palikuwa na sharti: jambo zito lilichotwa kwenye kisanduku cha nyumba yako. Kwenda kuchota kwa jirani ilikuwa ni kama kumwambia Mungu jibu lake hulitaki, unatafuta lingine.

Mzee Osmund, aliyeongoza mikutano ya nyumba ya sala tangu hata hajawa mzee, hakuupenda mtindo huo.

"Mnamfanya Mungu mpiga ramli," alisema siku moja mbele ya watu wote. "Hekima si kuambiwa la kufanya. Hekima ni kupewa macho ya kuliona."

Watu wakaitikia amina, wakaenda nyumbani wakachota. Mke wake aliniambia kwamba hata Osmund mwenyewe alichota kabla ya kununua mashua ya injini.

Na mtu alipokuwa anakufa alichotewa punje ya mwisho. Tuliiita neno la njia. Baada ya mazishi, kwenye kahawa, wa nyumba ya marehemu alisimama akawaambia watu mwenzao ameondoka na neno gani. Watu walilikumbuka neno hilo kuliko hata mwaka aliokufa.

Alvhild alipokuwa na miaka kumi na tisa alitaka jambo moja tu duniani, kuwa muuguzi. Hakulitaka kama wasichana wanavyotaka gauni. Ng'ombe akizaa vibaya alikuwa wa kwanza kuingia zizini na mikono ya nguo imekunjwa hadi begani. Bibi yetu alipopooza mguu, ni Alvhild aliyekuwa akimgeuza kitandani, na bibi hakutaka mwingine. Mimi nilikuwa mdogo wake kwa miaka miwili, na mgonjwa akitapika nilikimbia nje. Shule ya uuguzi mjini Stavanger ilikuwa imeshamkubali. Alikuwa aende majani yakianza kuwa mekundu. Baba yake, Torger, alikuwa ameshamtengenezea sanduku la mbao lenye kufuli, na alilipaka rangi ya buluu.

Mwezi wa nane, wakati wa kuanika nyasi, Torger alianguka shambani na uma wa nyasi mkononi. Tulipomfikia alikuwa ameshakwisha. Hakuna aliyemchotea kitu, hakuna aliyewahi hata kumshika mkono.

Alilazwa sebuleni, amevaa koti lake la Jumapili. Mimi nilisaidia kufua shuka na kuosha vikombe, na siku ya kufunga jeneza nilimkuta shangazi ameinama juu ya mumewe, anaweka kitu kwenye mfuko wa kifuani wa koti, anakibonyeza kikae vizuri. Nilidhani ni leso. Nikajiondokea, maana niliona ni jambo la mke na mume.

Kwenye kahawa Osmund aliuliza neno la njia. Serine akasema mume wake aliondoka ghafla, hakupata. Sauti yake ilikatika hapo, na wanawake wakamshika mabega. Mimi pia nililia.

Wiki ile ile suala likaja mezani: Alvhild aende shule au abaki? Serine hakulia wala hakukataza. Ningemwelewa kama angekataza. Mama mjane, nyumba moja, ng'ombe watatu, baridi inakuja, angesema tu usiende, mwanangu, naogopa kubaki peke yangu. Mtoto angechagua.

"Mimi sikuzuii," alimwambia. "Mimi ni nani? Muulize Mungu."

Alvhild akamuuliza. Alifunga kula siku nzima, akajifungia na kuomba. Alipotoka alichota, na punje ikamwambia kila mtu na adumu pale pale alipokuwa alipoitwa. Akangoja, akaomba tena. Punje ikamwambia akae katika nchi na kuridhika nayo. Akaomba mara ya tatu, safari hii kwa machozi, na punje ikamwambia nguvu yake itakuwa katika kutulia.

Alinifuata zizini, nilikuwa nakamua.

"Imesema nini?" nikamuuliza.

"Nikae."

"Chota tena."

"Nimechota mara tatu, Anlaug. Niendelee mpaka Mungu achoke?"

"Basi njoo uchote kwetu. Si visanduku ni vile vile?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana baba yake aliyelala kaburini.

"Mungu wa kwenu si ndiye wa kwetu? Nikija kuchota kwenu nitakuwa natafuta hekima, au natafuta ruhusa?"

"Mimi ningetafuta ruhusa," nikasema.

"Ndiyo maana we kila siku unapewa punje za toba."

Tukacheka, hata ng'ombe akashtuka. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akabaki hivyo. Sanduku la buluu likapelekwa darini, na shule ikaarifiwa kwamba haji.

Akaingia kiwanda cha dagaa, akawa anapanga dagaa kwenye makopo, vichwa huku, mikia kule. Alipanga miaka yote hiyo na hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikonikera. Mtu akimuuliza vipi kuhusu uuguzi alijibu, "Niliomba hekima, nikapewa," na mwulizaji aliinamisha kichwa kwa heshima. Shangazi alikuwa akiketi pembeni anafuma soksi, haonekani kama kuna jambo linalomhusu.

Alvhild alipokaribia miaka thelathini alikuja Eilert. Alikuwa mwashi wa mawe kutoka kaskazini, kaja na wenzake kujenga gati jipya. Mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kuamsha watoto, na kwenye nyumba ya sala alikula mikate ya maziwa mpaka wamama wakaanza kuangaliana. Alvhild alikuwa akimimina kahawa. Kuanzia siku hiyo Eilert hakukosa mkutano hata mmoja, ingawa sidhani kama alisikia mahubiri.

Kazi ya gati ilipokwisha alimwomba Alvhild waoane waende kwao. Yeye kubaki hapa hakuweza: kule alikuwa na baba kipofu na shamba la kondoo. Alisema hata Serine anaweza kuja, chumba kipo. Serine akasema asante, lakini yeye kaburi la mume wake liko hapa. Kisha akamgeukia binti yake na kusema lile neno lake.

"Muulize Mungu, mwanangu. Mimi sikuzuii."

Nilikuwepo Eilert alipokuja kuchukua jibu. Walisimama kwenye ngazi ya mbele, na mimi nilikuwa naanika nguo zetu upande wa chini. Nilianika polepole sana.

"Nimeambiwa nisubiri hapa," Alvhild akasema.

"Na nani?"

"Nimeomba hekima, Eilert. Zaidi ya mara moja."

"Na mimi je? Nimepanda kilima hiki kwa miguu yangu, nimesimama mbele yako nakwambia nakupenda. Hilo nalo si neno? Au kwa sababu halikuviringishwa?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nauliza. Mungu akitaka kukujibu hawezi kumtuma mwashi?"

Alvhild akashika kitasa cha mlango. Eilert akavaa kofia akashuka, na alipopita kwenye kamba yangu ya nguo hakunisalimia. Gati lake lipo hadi leo. Kila siku nikishuka kuchukua gazeti nakanyaga mawe aliyoyaweka, yamekaa sawasawa, na bado roho inaniuma.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Alvhild akawa anapika kwenye shule ya kisiwani, na jioni anafuma na mama yake. Alikuwa na miaka hamsini na kitu siku kikundi cha wanawake cha misheni kilipokutana kwangu. Nilitoa keki, na baada ya maombi nikapitisha kisanduku chetu, kila mmoja achote mana ya siku. Si jambo zito, ni mana tu, kwa hiyo Alvhild naye alichota. Akafungua punje akaanza kusoma, akanyamaza katikati.

"Hii umeipata wapi?" akaniuliza.

"Nimeipata wapi? Imo kisandukuni."

"Kwetu hii haimo."

Ilikuwa ile ya mtu aliyeambiwa aache nchi yake na watu wa kwao, aende kule atakakoonyeshwa.

"Si visanduku ni pacha?" nikasema. "Imo. Ila hujaipata tu."

"Niliipata utotoni. Miaka thelathini sasa nachota kila siku, Anlaug, sijaiona tena. Haimo."

Alingoja wanawake wote wavae viatu waondoke. Kisha akapanda kwao, mama yake amelala usingizi wa mchana, akarudi na kisanduku chao chini ya sweta. Tukafuta meza ya jikoni. Tukatoa punje moja yangu na kutafuta mwenzake kwenye zake, tukaziweka mbili mbili, na mikono yake ilikwenda haraka, maana kupanga ilikuwa ni kazi yake. Mwishoni zangu zikabaki kadhaa upande mmoja bila wenzake, nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine.

Ile ya kuacha nchi ya kwenu. Ile ya Mungu kumlinda mtu anapotoka na anapoingia. Ile ya mlango uliofunguliwa ambao hakuna awezaye kuufunga. Ile ya kusogeza mashua hadi kwenye kina kirefu. Ile ya mwanamke aliyekataa kurudi nyuma. Ile ya mzee wa hekaluni aliyesema sasa naweza kwenda kwa amani.

Alvhild alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Zote za kwenda," akasema.

"Zote."

"Hata moja hakuniachia."

Kisha akauliza jambo ambalo sijaweza kulijibu, na Osmund pia sikumuuliza kwa sababu niliogopa atajibu.

"Wakati ule wote niko magotini, Mungu alikuwa anaona kisanduku kiko hivi?"

Tulipanda pamoja. Shangazi alikuwa ameamka, amekaa jikoni na beseni la viazi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, anamenya kwa kupapasa. Alvhild akaweka kisanduku mbele yake.

"Mama, punje za kwenda ziko wapi?"

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimeshajiandaa kumkatiza. Lakini kisu kilizunguka kiazi mpaka ganda likadondoka zima.

"Kwa baba yako," akasema.

"Baba yupi?"

"Unao wangapi? Torger. Nilimwekea mfukoni."

Hapo nikajua ile niliyodhani ni leso ilikuwa nini.

"Kwa nini, mama?"

"Aliondoka bila neno la njia. Watu wote wanakwenda na neno, yeye tu mikono mitupu. Na wewe sanduku lako liko mlangoni, la buluu. Usidhani niliamka tu nikachukua. Niliomba hekima, Alvhild. Nilipiga magoti mahali pale pale unapopiga wewe. Nikasema, Bwana, mmoja ameshakwenda na wa pili anakwenda, nifanyeje? Akanionyesha. Yeye apewe za kwenda. Wewe upewe za kukaa."

"Akakuonyesha uibe," nikasema mimi.

"Nyamaza, Anlaug, hukuitwa. Nani kaiba? Kisanduku changu. Na sikulichoma Neno, nani angethubutu? Nimeliweka mahali safi, kwenye koti la Jumapili."

"Ungeniambia usiende," Alvhild akasema. "Neno moja tu. Ningekaa."

"Ndiyo. Na ungenichukia."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya unga. Nilitaka Alvhild avunje sahani. Nilitaka apige kelele mpaka wasikie gatini. Alichukua beseni, akaosha viazi, akavibandika jikoni, akasimama hapo akiangalia maji mpaka yakachemka.

Nilimwambia aondoke, hata wiki moja, hata kwa ukaidi tu.

"Niende wapi? Shule inapokea bibi? Eilert ana wajukuu." Akaniangalia. "Mama hakuninyang'anya kwenda tu, alininyang'anya hata pa kwenda."

Tangu siku hiyo hakuchota tena. Mama yake alichota mwenyewe kila asubuhi, na macho yalipozima kabisa ilibidi Alvhild ndiye achote na kumsomea, na alisoma. Nilimuuliza mara moja kama bado anaomba.

"Naomba. Ila hekima siombi. Naomba nisimchukie."

"Unapewa?"

"Kuna siku."

Serine alianza kufa baada ya Krismasi, miaka michache baadaye, na kufa kwenyewe kulichukua majira yote ya baridi. Daktari alikuja na mashua akasema moyo umechoka, hautafika Jumapili. Ukafika. Ukafika na nyingine. Alikuwa anaogopa. Mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu alishika ukingo wa shuka kwa mikono miwili na kusema hawezi kwenda bila neno la njia, asije akawa kama Torger. Alvhild alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alimkanda miguu. Kazi yote ya muuguzi, katika chumba kimoja, kwa mgonjwa mmoja.

Osmund alikuja, naye alikuwa amebaki mifupa na sauti. Akashika mkono wa Serine akamtamkia bila kitabu maneno ya yule mzee wa hekaluni, ya kwenda kwa amani. Serine akauvuta mkono wake.

"Hayo umeyachagua wewe. Nataka la kuchotwa."

"Serine, nimekwambia tangu ujana wako, Mungu si..."

"La kuchotwa, Osmund."

Basi Alvhild alimchotea kila asubuhi, akasoma kilichotoka. Adumu alipo. Atulie. Asubiri. Akae katika nchi. Shangazi alisikiliza amefumba macho, na kila aliposikia midomo yake ilikaza.

Sikuvumilia. Nilipanda na kisanduku changu nikamvuta Alvhild sebuleni.

"Chukua moja kwangu. Ile ya mzee wa hekaluni. Itie kwenye chenu, kesho uichote. Haoni, hatajua."

"Tumtengenezee?"

"Ndiyo, tumtengenezee. Mara moja tu, apumzike."

"Ndivyo alivyofanya yeye," akasema. "Alinitengenezea. Rudisha hicho mfukoni, Anlaug."

Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa haki au kisasi. Nadhani naye hajui. Nilikirudisha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekuja kusaidia kubadilisha shuka. Nje theluji ilikuwa inayeyuka, paa linadondosha maji. Alvhild alichota, akasoma. Ilikuwa ile ya kutulia. Serine akaanza kulia, machozi yanaingia masikioni, hawezi hata kuyafuta.

"Hakuna hata moja? Alvhild? Humo ndani hakuna hata moja?"

Alvhild akaviringisha punje akairudisha mahali pake. Akafunga kisanduku. Akachukua kitambaa akamfuta mama yake machozi, jicho moja, halafu jingine, kwa mkono ule ule aliomgeuzia bibi.

"Ziko kwa baba, mama. Ulimpa mwenyewe. Nenda ukazichukue."

Shangazi akaacha kulia. Akageuza uso upande ilikotoka sauti.

"Hilo umelichota?"

"Hapana. Hilo ni langu."

Serine akaachia ukingo wa shuka. Alikufa siku hiyo hiyo, kabla viazi havijaiva.

Kwenye kahawa ya mazishi nyumba ya sala ilijaa. Osmund alisimama akauliza, kama ilivyo desturi, mwenzetu ameondoka na neno gani. Alvhild alikuwa amekaa meza moja nami, na kikombe mkononi. Hakuinuka.

"Nenda," akasema.

Watu wakangoja. Osmund akatega sikio, akidhani hajasikia sawasawa.

"Nenda, halafu?"

"Nenda tu. Ndilo lililokuwepo."

Akanywa kahawa yake. Watu wakaangalia meza, na mmoja nyuma akasema amina. Baadaye nilimsindikiza nyumbani, tukapanda kilima, na mlangoni nikamuuliza atafanya nini sasa.

"Nitamenya viazi," akasema. "Nimeambiwa nikae."